Ukurasa wa Saba wa Fomu ya Bima

3 Februari

Mpwa wangu mfamasia,

Salamu hizi zipokee hata kama zimekunjamana, maana nimezikunja mara nne ili zienee kwenye bahasha ndogo. Kubwa zimekwisha. Mimi mzima, ukiacha magoti, kiuno na tabia. Mama yako, Amiri Jeshi wetu, mzima pia. Jana kamfukuza fundi bomba kwa sababu aliingia na viatu vyenye matope kuja kuziba bomba linalotoa matope. Anauliza kama unakula. Jibu ndiyo, la sivyo nitaulizwa mimi.

Gari limefika. Dereva aliyelileta alinikabidhi funguo kama mtu anayemwachia mtoto wembe. Nikamwambia, "Kijana, nimeendesha gari la mochwari miaka thelathini na moja, na hakuna abiria wangu hata mmoja aliyelalamika." Akaondoka bila kuaga.

Masharti yako nayajua, huna haja ya kuyarudia, ingawa utayarudia. Tangu mama yako aanguke kwenye ngazi ya basi umesema: ama apelekwe kliniki kwa gari kila Alhamisi ya pili, ama aje kukaa kwako ghorofa ya nne. Gari likiharibika hununui jingine, unamchukua. Haya. Mwenyewe anasema ghorofa ya nne ni mahali pa kufugia njiwa. Mimi sijasema kitu. Mimi ni kaka mtu tu, nakaa nyumba ya pili.

Sasa, bima. Nimekwenda kwa wakala, yule mwenye chumba juu ya duka la rangi. Tunamwita Kalamu Nne: zimepanga foleni mfukoni mwa shati, lakini ikifika saa ya kutia saini anaazima yako.

"Mzee wangu," akaniambia, "unataka bima ya mtu wa tatu au bima kubwa?"

"Mtu wa tatu ndiye nani?"

"Ni yule utakayemgonga."

"Na wa kwanza?"

"Wewe. Wa pili ni sisi kampuni."

"Kwa hiyo nikigonga, mimi na ninyi tunakaa kitako tunamtazama mwenzetu akilipwa?"

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

"Na gari langu?"

"Gari lako linabaki kama lilivyo."

"Lilivyo kabla au lilivyo baada?"

Akacheka, akaangalia kalamu zake. Mimi nataka ile kubwa. Lakini wewe ndiye unayesoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, ambavyo hata aliyeviandika hakuvisoma. Nipe neno.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: kazini kwetu simu ikilia, mtu kafa, na mimi mpaka leo ikilia natafuta viatu. Ya pili, mama yako husikiliza.

Mjomba wako,
mwenye magoti


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imenikuta mzima, na ninakula. Lifti ya hapa kwetu imetengenezwa, kwa hiyo ghorofa ya nne sasa ni kama ya chini, mwambie Mama. Chumba chake nimekipaka rangi, siyo kwa kumlazimisha, ni ili kiwe tayari tu.

Kuhusu bima, nimeuliza na nimesoma. Ziko tatu. Ndogo ndiyo hiyo ya mtu wa tatu, ambayo sheria inataka kila gari liwe nayo: ukimuumiza mtu au kuharibu mali yake, kampuni inamlipa yeye. Ya katikati ni hiyo hiyo, ila wanaongeza moto na wizi. Kubwa inalipa na gari lako hata kama kosa ni lako, lakini siyo yote: sehemu ya kwanza ya hasara unaibeba mwenyewe, na kiasi chake kimeandikwa kwenye hati. Uliza kiasi hicho kabla hujatia saini.

Ushauri wangu: chukua ya katikati. Gari lina miaka tisa, wewe hujawahi kukwaruza hata bampa, linatoka mara mbili kwa mwezi kwenda kliniki na kurudi. Bima kubwa kwako ni kumvalisha mtu koti la mvua ndani ya nyumba.

Kwenye fomu, andika thamani ambayo gari lingeuzwa leo, siyo niliyonunulia mimi. Ukizidisha utakuwa unalipia hewa, ukipunguza watakupunguzia na wao siku ya kulipwa. Andika kwamba ni la matumizi binafsi, kwa hiyo ukimbebea mtu mzigo kwa malipo, bima hiyo usiitegemee. Na jibu kwa kifupi, Mjomba. Nakujua. Wanataka majibu, hawataki historia ya ukoo.

Mpwa wako


8 Machi

Mpwa wangu wa ndani ya boksi,

Marahaba. Salamu zako nimezigawa: nusu kwa Amiri Jeshi, nusu kwangu, na kipande kwa kinyozi wa pale kona aliyekuwa amesimama karibu. Habari za lifti nimezifikisha. Mama yako anauliza, ilipokuwa mbovu uliwahi kumwambia?

Ushauri wako nimeusoma mara mbili, nikaukunja vizuri, nikachukua bima kubwa. Tofauti ya bei nimeilipa mimi. Usiulize nimetoa wapi.

Fomu nimeijaza. Ulisema kifupi, na mimi fomu siwezi. Siyo ukaidi, ni kazi niliyofanya. Kila maiti niliyempokea nilimwandika: nani kamleta, saa ngapi, amevaa nini, kovu liko wapi. Chini yake karatasi ya kaboni, juu yake muhuri. Mara moja tu, mwaka wangu wa pili, nilichoka nikaandika kifupi. Familia moja ikalia siku nzima na kuchimba kaburi, na walipofunua uso wakakuta ni mgeni. Mjane wao aliniangalia jinsi alivyoniangalia. Tangu siku ile watu nawadanganya, fomu sijawahi.

Sasa fomu ya Kalamu Nne inauliza, "Umewahi kupata ajali? Eleza," halafu wanakupa mstari mmoja mfupi kama kidole gumba. Mtu ataeleza nini hapo? Nikaandika, "Tazama karatasi zilizoambatishwa." Nikaambatisha. Zimefika kumi na moja. Nimeanza na baiskeli ya mwaka niliomaliza darasa la sita, kwa sababu hawakusema ajali ya chombo gani.

Kalamu Nne akazipima kwa mkono kama mtu anayepima nyama. "Mzee wangu, hii yote ya nini?"

"Mmeuliza."

"Huwa hatu..." Huwa hawasomi, alitaka kusema.

"Piga muhuri kila ukurasa," nikamwambia. "Wako na wangu wa kaboni."

Akapiga, pa pa pa, mara ishirini na mbili, huku akiongea na simu begani. Hakuangalia hata neno moja. Nimetoka pale nimevimba kichwa kama waziri.

Kwa nini bima kubwa, utauliza. Sababu ninayo. Siyo yako.

Mjomba wako,
mwenye koti la mvua ndani ya nyumba


30 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kurasa kumi na moja! Maombi yangu ya chuo yalikuwa mbili.

Siandiki marefu, duka limejaa mafua. Nina maswali mawili. La kwanza, sababu gani hiyo ambayo siyo yangu, kwenye gari ambalo ni langu? La pili, Mama amenipigia Jumamosi akihema kama aliyekimbizwa, akaniuliza kwenye gari la mwenzangu wa kazini breki ya mkono iko upande gani, na kama inauma. Nikamwuliza anaulizia nini. Akasema, "Mtu hawezi kuuliza?" akakata.

Hapo nyumbani kuna jambo, Mjomba. Nalinusa mpaka huku.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu mpendwa sana, tena sana,

Ukiona salamu zimeongezewa sukari hivi, kaa kwenye kiti kwanza. Umekaa? Wote wazima. Narudia: wote wazima, hakuna aliyetoka hata tone la damu. Mama yako kaumia fahari tu, na hiyo anayo nyingi. Samahani kwa kukaa kimya miezi miwili. Kalamu ilikuwa inatafuta maneno.

Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, kulikuwa na tukio. Gari lilikuwa limesimama mbele ya kibanda cha kinyozi. Gari likawashwa. Gari lilitakiwa kwenda mbele. Likaona vyema kurudi nyuma. Likaingia kibandani kwa kisogo, likavunja kioo kikubwa, kiti cha kuzunguka na rafu ya mashine. Likastuka. Likaenda mbele kwa kasi ya kujuta, likakumbatia nguzo ya taa. Boneti sasa limekunjamana kama uso wangu, na buti haifungi.

Kinyozi alikuwa ametoka nje kukung'uta taulo, ndiyo maana yu hai. Mteja wake alikuwa amesimama mlangoni anapokea simu, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Mashine zote zimevunjika. Anatembea hivyo hivyo mtaani tangu Alhamisi, anasema hanyoi nusu ya pili mpaka alipwe. Kwa hiyo, mpwa wangu, nimekutana na mtu wa tatu, ni kinyozi. Na kumbe kuna mtu wa nne, ambaye kwenye hati hayumo.

Kinyozi sasa ananyoa chini ya mwavuli, na kioo chake ni kile cha pembeni cha gari letu, ambacho kilikatika. Amekichukua kama rehani. Fomu ya ajali nimeshaijaza, ukweli mtupu, kurasa nne. Gari liko gereji. Fundi haligusi mpaka bima iseme ndiyo.

Kliniki ya wiki ijayo tutaona. Usifanye haraka ya kitu chochote. Najua unachofikiria, na rangi ya kile chumba itakuwa bado haijakauka.

Mjomba wako


25 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nashukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mama nimeongea naye, anasema "tuliyumba kidogo." Nguzo ya taa, kibanda na kichwa cha mtu siyo kuyumba kidogo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Gari likawashwa, gari likaona vyema, gari likastuka, gari likajuta. Kurasa mbili nzima linajiendesha lenyewe. Mtu wa kuandika kurasa kumi na moja kuhusu baiskeli leo amekosa mstari mmoja wa kusema nani alishika usukani?

Nakuuliza kwa heshima zote: nani alikuwa anaendesha?

Na kuhusu makubaliano yetu, hayajabadilika. Bima ikikataa, gari ndiyo basi, sina uwezo wa jingine. Mwezi wa tisa nitakuja kumchukua Mama. Sitaki ugomvi. Nataka nilale bila kuwaza nani anamshika mkono akishuka ngazi.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Salamu leo ni chache, nazibana. Mama yako kaenda kliniki kwa pikipiki, kakaa nyuma ameshika mkoba kama bunduki. Presha yake ilipopimwa, nesi akampima tena. Usimwambie kwamba nimekwambia.

Kampuni imejibu. Barua yao ina mistari mitano, na mitatu kati yake ni anwani. Wanasema: "Dereva aliyekuwa akiendesha wakati wa ajali hakutajwa kwenye hati ya bima. Kwa hiyo madai yamekataliwa." Nikaenda kwa Kalamu Nne.

"Mzee wangu, hati inasema dereva ni wewe peke yako."

"Hati ameandika nani?"

"Ofisi kuu."

"Wameandika kutoka wapi?"

"Kwenye fomu yako."

"Kwenye fomu yangu tumo wawili!"

"Kwenye fomu, mzee wangu, nafasi ya dereva ni moja." Akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtu anayetaka kufunga ofisi akale. "Mngechukua ndogo tu, mngepoteza kidogo."

Nikamwambia afunge mdomo kabla zile kalamu hazijapata kazi.

Basi. Umeshaelewa. Aliyekuwa anaendesha ni mama yako. Ana leseni ya kujifunzia tangu Januari, kabla gari halijaja, na mimi nilikuwa kiti cha pembeni kama sheria inavyotaka. Kila Jumamosi tulikuwa tunakwenda kwenye uwanja wa nyuma ya ghala. Anaendesha vizuri kuliko wewe unavyodhani na vibaya kuliko yeye anavyodhani. Alhamisi ile kinyozi alimsalimia, akataka kujibu salamu na kuweka gia kwa wakati mmoja. Ndiyo kosa lote. Adabu.

Dereva wa pili niliwatajia tangu mwanzo, kwenye karatasi zangu. Nimekuwekea nakala za kaboni humu ndani, zenye muhuri. Wewe uko karibu na ofisi yao kuu. Soma na vile vimaandishi vya nyuma ya hati, macho yako yako sawa.

Mjomba wako


20 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimekasirika, na nitakasirika vizuri baadaye, nikipata nafasi. Mama! Umri ule! Na mimi nimekaa hapa nauza dawa za presha.

Kwanza kazi. Hati nimeisoma yote. Nyuma kabisa, chini ya anwani ya malalamiko, kuna mstari umeandikwa kwa herufi za ukubwa wa siafu: "Maelezo yote yaliyotolewa na mwombaji kwenye fomu na viambatisho vyake ni sehemu ya mkataba huu." Na viambatisho vyake, Mjomba! Huo mstari wameuweka ili wamshike mtu aliyewaficha kitu. Hawakufikiria kwamba iko siku atatokea mtu ambaye hakuwaficha chochote. Walipokea karatasi, wakapiga muhuri, wakachukua hela, hawakukataa. Hawawezi leo kusema hawakuambiwa.

Nimeanza kusoma kurasa zako kwenye benchi la kituo, watu wakanitazama. Ile ya mbuzi aliyepanda gari la mochwari ni ya kweli?

Lakini nimehesabu. Moja mpaka sita, halafu nane mpaka kumi na moja. Na kwenye ukurasa wa sita mwisho umeandika, "Madereva ni wawili, maelezo ya wa pili yako ukurasa unaofuata." Unaofuata haupo.

Bila ukurasa wa saba hatuna kitu. Naomba unitumie.

Mpwa wako


2 Agosti

Mpwa wangu,

Ukurasa wa saba haukupotea. Niliutoa, nikaurudisha, nikautoa. Umelala chini ya godoro langu wiki tatu. Mama yako kauona alipokuja kunitandikia, akasoma, akakaa kimya. Kimya chake unakijua, nyumba nzima inasimama wima. Halafu akasema, "Mtumie. Ukiendelea kuukalia utanikuta njiwa."

Haya, huu hapa. Niliwaandikia watu ambao nilijua hawatausoma. Hilo ndilo lililonipa ujasiri.

Mjomba wako


*Ukurasa wa 7. Swali: Eleza jambo lolote jingine ambalo kampuni inapaswa kulijua.*

*Jambo la kwanza. Jicho langu la kushoto lina mtoto wa jicho. Mimi na marehemu mke wangu hatukujaliwa mtoto, nimempata huyu uzeeni na hasomeshwi. Daktari anasema mchana niendeshe, usiku nisiguse, na mwakani huenda nisiendeshe kabisa. Cheti chake kimebanwa nyuma ya ukurasa huu.*

*Jambo la pili. Kwa hiyo dada yangu anajifunza na ataendesha mimi nikiwa pembeni. Nakala ya leseni yake ya kujifunzia imebanwa hapo hapo. Miaka sitini na nane. Breki anazijua, subira hana.*

*Jambo la tatu. Binti yake hajui haya. Akijua habari ya jicho atamchukua mama yake akakae naye mbali, na atakuwa na haki, ni mtoto mwema, ndiyo shida yake. Mimi tangu mke wangu afariki nakula jioni kwa dada yangu. Ananigombeza kila tonge: unakula haraka, umevaa nini, umenyolewa na nani. Mtu mwingine wa kunigombeza sina. Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu. Hapa kwetu wenye kupata hasara ni wawili wa kwanza, mimi na yeye. Ndiyo maana nataka kubwa.*

*Kama haya yanaongeza bei, niambieni, nina baiskeli ya kuuza.*

*(Muhuri: IMEPOKELEWA.)*


4 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Nilikwenda ofisi kuu na kurasa zote kumi na moja. Wana sakafu inayong'aa, mtu anaogopa kuikanyaga, na mashine ya kutoa namba. Namba yangu ilikuwa themanini na sita. Nikapelekwa kwa meneja wa madai, bwana mwenye sauti ya polepole kama anayehesabu vidonge.

"Dada, hati iko wazi," akaanza.

"Na mimi nimeisoma," nikamwambia. "Wewe umesoma fomu?"

"Tuna muhtasari."

Nikafungua mkoba, nikamsomea. Nilitaka kusoma sehemu ya dereva tu, nisimalize. Nikamaliza. Sauti ilinikatika pale kwenye baiskeli, na karani wa meza ya pili akaacha kuchapa. Meneja akaomba ile karatasi, akaugeuza ule muhuri kwenye mwanga kama noti anayoishuku.

"Huyu mzee... yupo?"

"Yupo. Anasubiri barua yenu. Ikiwa fupi atawakosoa."

Watalipa. Kibanda cha kinyozi chote, na gari letu, tukitoa ile sehemu ya kwanza ambayo ni yetu. Sehemu hiyo nabeba mimi; wewe baiskeli yako umeshauza, nimejua, kinyozi kaniambia kwenye simu. Hati mpya itakuwa na madereva wawili. Mtu wa nne wamesema hawamwezi, anyoe tu.

Mjomba, ungeniambia. Nisingelia mbele ya watu wenye mashine ya namba.

Nakuja mwezi wa kumi, kutembea. Siji kuchukua mtu. Chumba nimeweka maboksi ya dawa, na rangi yake inapendeza na maboksi. Na jicho lako nimeliandikisha kwa daktari wa upasuaji wa huku. Ukikataa nitakuja na wewe ndani ya buti, itakuwa inafunga.

Mpwa wako


11 Novemba

Mpwa wangu,

Pokea salamu za nyumba mbili. Tangu uondoke kuna ukimya, ila siyo upande wa mama yako. Kinyozi ana kioo kipya kirefu mpaka miguuni, watu wanakwenda kujiangalia viatu. Ameturudishia kile cha gari, kimejaa nywele. Yule mteja amenyoa nusu ya pili wiki iliyopita kwa sababu ya harusi ya ndugu yake. Ile ya kwanza ilikuwa imeshaota. Sasa amekuwa sawa na mwanzo: nusu na nusu, kwa upande mwingine.

Amiri Jeshi amefaulu mtihani wa udereva, mara ya pili. Mara ya kwanza alimwambia mtahini afunge mkanda vizuri na aache kumnung'unikia sikioni. Leseni ameiweka kwenye fremu ukutani, halafu anaitoa kila akitaka kutoka. Hujaniambia ile siku ulipokaa nyuma ulikuwa umeshika nini, maana mpini wa mlango wa kushoto umelegea.

Kalamu Nne ameleta fomu ya mwaka mpya. Wameongeza mstari juu kabisa, kwa herufi nene: "Maelezo yasizidi nafasi iliyotolewa." Nikamwuliza, "Hii mmeandika kwa ajili yangu?" Akasema ni utaratibu mpya wa nchi nzima, mzee wangu. Safari hii kalamu yake iliandika. Kaniambia pia kwamba ofisi kuu sasa wanasoma viambatisho vyote, na kwamba karani mmoja anaulizia kama mbuzi alifika salama. Nimeambatisha tisa.

Kwenye "dereva mkuu" nimeandika dada yangu. Kwenye "dereva mwingine" nimejiandika mimi, na mbele yake nimeandika: mchana tu, mpaka jicho lipasuliwe mwezi ujao.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani nakaa kiti cha abiria kila Alhamisi ya pili. Nasema punguza mwendo. Nasema lile siyo shimo, ni kivuli. Nasema gia, gia, gia. Jana mama yako akasimamisha gari katikati ya barabara, honi zinalia nyuma, akanigeukia.

"Abiria wako miaka thelathini na moja hawakulalamika, siyo?"

"Hata mmoja."

"Basi wewe lalamika," akasema, akaweka gia, safari hii ya mbele. "Ndiyo nitajua bado nimebeba mtu mzima."

Mjomba wako,
mtu wa kwanza